Mkojo Uliokuwa Safi Mno

Mkojo ukiwa safi kupita kiasi, utilie shaka. Nawaambia mapema ninyi vijana mnaoingia maabara siku hizi, mnaotumia mashine zinazotema majibu kwenye karatasi kama risiti ya duka, kwa sababu mimi jambo hilo nilifundishwa na aibu, na aibu ni mwalimu asiyekwenda likizo.

Nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja mjini Kakamega. Jina lake halina haja. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, macho makali na mkono usiotetemeka, basi. Mengine yote nilifundishwa mezani. Miaka ya tisini ilipokuwa inaishia wakatupunguza, nikaondoka kabla sijaota mvi. Tangu hapo nimeishi Ekero, nimeishi Sigalagala, nimehamia Lumakanda mara mbili nikahama mara mbili, na sasa nina miaka arobaini na saba na begi langu halijawahi kukaa juu ya kabati mwaka mzima. Lakini kila mji ninaoingia, hupita kwanza nyuma ya hospitali kuchungulia dirisha la maabara, kama mtu anayepita karibu na nyumba aliyozaliwa. Ndipo ninapowaona mnapokea chupa na kuiweka mezani bila hata kumtazama aliyeileta. Roho huniuma.

Aliyenifundisha kutazama ni Mzee Lihanda, mkuu wa maabara yetu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta ya hospitali, na hakumwamini mtu. Hakuamini saa ya ukutani, alikuwa na yake. Hakuamini umeme, kiberiti kilikuwa mfukoni daima. Ukimpa chupa aliinua kwenye mwanga, akaizungusha, akainusa, kisha akamwinamia mwenyewe pale dirishani na kuuliza, "Hii umeitoa saa ngapi? Na chupa ilikuwa ya nini kabla?"

Nilidhani ni uzee. Mpaka siku moja alipokuja mkulima wa miwa kutoka upande wa Ekero, na mkojo wake ameubeba kutoka nyumbani. Wakati huo sukari tuliipima kwa dawa ya buluu: unatia matone manane ya mkojo, unachemsha juu ya moto. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikienda kijani, ipo kidogo. Ikifika rangi nyekundu ya udongo uliochomwa, ipo nyingi sana, na sisi tulikuwa na neno letu la rangi hiyo: matofali. Wa mkulima ulitoka matofali. Nikamwandikia. Bwana yule akaenda nyumbani akaacha chai ya sukari, akaacha kutafuna muwa ndani ya shamba lake mwenyewe, akakonda kwa huzuni. Aliporudi, Mzee akamuuliza swali lake.

"Chupa ilikuwa ya nini?"

"Ya dawa ya kikohozi ya watoto. Lakini nilisuuza."

"Ulisuuza mara ngapi?"

"Mara moja. Maji ni ya kuteka, Mzee."

Tukampa chupa yetu. Rangi ikabaki buluu kama anga. Mkulima alinigeukia, akasema kwa upole, "Kijana, umeninyima miwa yangu wiki tatu." Akaenda zake. Tangu siku hiyo nami nikaanza kuuliza chupa ilikuwa ya nini.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Nilipanga chupa za mkojo kwenye kizingiti cha dirisha tangu asubuhi, jua likizipiga, nikaupanda mkojo kwenye sahani za kuoteshea vijidudu saa saba nikishashiba. Kesho yake kila sahani ilikuwa imejaa vijidudu. Wodi nzima, kwa mujibu wangu, ilikuwa na ugonjwa wa njia ya mkojo. Mzee Lihanda hakunigombeza. Alichukua kikombe cha maziwa, akakiweka kizingitini, akasema nikinywe saa kumi. Saa kumi kilikuwa kimeganda. Sikukinywa, wala sikusahau. Kijidudu kimoja kilichoingia kwa bahati mbaya, ukikipa joto na muda, kinakuwa ukoo mzima. Mkojo hupandwa mara moja, au huwekwa kwenye friji, na friji hiyo isiwe ile ya soda zenu.

Sasa niwaambie kuhusu watu wenye kisukari, maana hao ndio walionifanya nikawa mtu wa shaka mpaka leo.

Mtu wa kawaida kijidudu kikimpanda njia ya mkojo, hupiga kelele: mkojo unamchoma, anakwenda chooni kila mara, anakuja mbio. Mwenye kisukari anaweza kukaa kimya. Sukari ya miaka mingi huitia ganzi mishipa ya fahamu, kibofu kinachoka, hakimwagi chote. Mkojo unaobaki mle umetuama, na una utamu. Hapo ni shamba lenye mbolea na maji. Kijidudu kikipanda mpaka kwenye figo, mgonjwa hupata homa, mgongo unamuuma, anaanza kuongea maneno yasiyoungana, na ninyi mnaweza kusema ni malaria. Kwetu miaka ile kila homa ilikuwa malaria mpaka ikatae yenyewe.

Na vijidudu si wa aina moja. Anayeonekana mara nyingi ni yule wa matumbo, ambaye mahali pake ni kwenye choo kikubwa lakini hupenda kutembea. Kwenye sahani yetu ya kuoteshea huota madoa ya waridi, makavu, yaliyotulia. Lakini kwa wenye kisukari tulikuwa tukimwona na jamaa yake, jina lake klebsiela. Huyu naye ni wa waridi, ila amevaa koti la ute. Ukimgusa kwa kiwaya na kuinua, anavutika. Sisi watu wa huku hatukuhitaji kitabu kumtambua. Ni mrenda mtupu, ile mboga ambayo uzi wake unatoka bakuli hadi kidevuni. Na ampisilini, dawa ambayo wodi zilipenda kuitoa kwa kubahatisha, huyu haimtishi hata kidogo. Ndiyo maana kujua ni nani aliye ndani lilikuwa jambo la kufa na kupona, na kumjua kulitegemea kitu kimoja tu: kwamba mkojo ulio mezani ni wa mgonjwa mwenyewe.

Jumanne moja, siku ya kliniki ya sukari, alikuja dirishani mama mmoja mjane kutoka Lumakanda. Kadi yake ilisema Dorika, miaka sitini na miwili. Alikuwa amefikia kwa dada yake pale Sigalagala ili awe karibu na kliniki, na aliyemsindikiza ni mke wa mtoto wa dada huyo, msichana aliyeolewa majuzi, kitambaa bado kipya kichwani.

Nilimpa chupa na maelezo yangu ya kila siku, kwa sauti, maana foleni ilikuwa na kelele. "Mulembe, mama. Enda ujioshe kwanza. Mkojo wa kwanza uuache uende zake. Shika ule wa katikati. Wa mwisho pia uachie choo."

Mama alinitazama kifuani, pale palipokuwa na kibandiko cha jina langu. Akamnong'oneza mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akajibiwa. Kisha akajifunika leso kichwani, akanigeuzia mgongo na kusema na ukuta, "Nimesikia." Chupa ilichukuliwa na yule msichana.

Nikajiambia: huyu ana jambo analificha.

Chupa ilirudi imejaa. Mkojo mzuri, wa rangi ya chai ya rangi iliyowekwa majani machache. Dawa ikabaki buluu. Hakuna sukari, hakuna usaha, na sahani kesho yake haikuota kitu. Lakini damu yake, ambayo Mzee mwenyewe aliipima, ilikuwa na sukari ya kutisha. Damu ikifika hapo, figo huzidiwa na kuimwaga nje. Haiwezekani mafuriko yawe juu mtoni na huku chini pawe pakavu.

Nilianza kwa kuishuku dawa ya buluu. Nikaipima kwa maji ya glukosi: matofali. Dawa ilikuwa nzima. Basi nikamshuku mtu.

Rispa ndiye aliyekuwa akiosha chupa zetu na kubandika namba. Mama wa makamo, mtu wa kanisa, aliyejua kila mgonjwa ni wa ukoo gani. Nikasema mbele ya Mzee, bila hata kumvuta kando, "Rispa amechanganya namba."

Rispa aliweka chini ndoo. "Andayi, mimi naoshanga chupa hapa kutoka wewe ukiwa darasa la pili. Leo ndio nimesahau kusoma nane na tisa?"

"Kukosea ni kwa kila mtu."

"Basi tuanze na wewe. Ile siku ya maziwa nilikuwa hapa."

Hakuniongelesha tena, na chai yangu ikaanza kuja baridi.

Jumatano hiyo jioni Mama Dorika alilazwa. Homa, mgongo, na alikuwa anamwita mumewe aliyekwisha zikwa. Slaidi ya damu haikuonyesha malaria, lakini alianzishiwa dawa ya malaria, na ampisilini juu yake. Daktari wa wodi hakuwa mjinga. Alituuliza kuhusu mkojo, na sisi tulikuwa tumemwandikia kwamba mkojo ni safi. Muuguzi alitaka kumwekea mpira wa mkojo kwenye kibofu autoe mwenyewe. Mama akamshika mkono akakataa, na akakataa kwa nguvu ambazo hakuwa nazo. Ikaombwa chupa nyingine. Alhamisi asubuhi ililetwa na yule msichana, mbio, macho chini.

Safi tena. Buluu tena. Nikaiweka chini ya darubini, na humo nikaona kitu ambacho kilinifanya nicheke kwa sauti. Mbegu za kiume, zikiwa bado zinatingisha mikia.

Vijana, sikilizeni nilivyokuwa mpumbavu. Nilimwita mwenzangu wa zamu aje aone. Nikasema, "Mjane wa Lumakanda huyu, anaenda kanisa gani? Kuna mzee anamtembelea." Tukacheka. Nikaongeza neno jingine ambalo sitaliandika. Rispa alikuwa anasuuza chupa, hakuinua kichwa. Mzee Lihanda alikuja, akaangalia kwenye darubini muda mrefu, akavua miwani yake.

"Andayi. Mama huyu ana siku ngapi hajasimama?"

"Tangu jana, Mzee."

"Wodi ya akina mama, vitanda viwili viwili vimegusana, muuguzi mlangoni. Huyo mzee wako alipitia wapi? Dirishani?"

Nikachungulia tena kwenye darubini.

"Wewe umeona ushahidi umekimbilia kucheka. Huu mkojo si wake. Na ule wa kwanza haukuwa wake. Rispa hakuchanganya kitu." Akavaa tena miwani. "Kuna mama anakufa pale na sisi tunapima mkojo wa mtu mzima wa afya. Swali ni moja. Kwa nini hataki kutupa wake?"

Mimi nilikuwa na jibu tayari. Nilisema ni uchawi. Kwamba anaogopa mkojo wake usianguke mikononi mwa adui. Watu wengine walikuwa wakiogopa hivyo, si siri. Mzee akasema huenda. Akamgeukia Rispa, akamwomba, na sauti yake ilikuwa ya kuomba kweli, aende wodini akakae na yule mama.

"Mimi mchanganya chupa?" Rispa aliuliza.

"Wewe, mama yetu."

Akajipangusa mikono, akaenda. Alikaa huko muda wa kupika maharage. Aliporudi alisimama mlangoni, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele kana kwamba nilikuwa mgeni.

"Umepata nini?" nilimuuliza.

"Nimepata mkwe wako."

Nilidhani ni mzaha wa kulipiza.

"Ayuma unakaa naye, si ni wa Lumakanda?"

Ayuma na mimi tulikuwa tumekaa pamoja mwaka wa pili. Nilimpata Ekero katika kutangatanga kwangu, tukaanza maisha, na nyumbani kwao sikuwa nimekanyaga. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Yeye naye, kwa aibu ya kuondoka bila baraka, alikuwa ameacha kwenda. Ayuma alimwita mama yake "mama" tu, na mimi mtu wa njia sikuwahi kuuliza mama huyo anaitwa nani.

"Ayuma alimwandikia shangazi yake barua, na shangazi akasomea mama," Rispa akasema. "Kwamba anakaa na Andayi wa Khwisero, anapimanga watu kwa dirisha la maabara. Siku ya kliniki mama amefika hapo, amesoma jina, akauliza kwa foleni kama huyu ni wa Khwisero. Akaambiwa ndiye. Amesema hivi: 'Nimpe mume wa mtoto wangu mkojo wangu aushike? Halafu nitamwangalia wapi?' Akamwambia huyo bibi ya kijana wa dada yake akojoe. Mara mbili."

Ninyi wa mjini mtashangaa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasalimiani kwa mikono, hawali meza moja, na mmoja akimwona mwenzake njiani huingia kando. Tunaita tsisoni, aibu ya heshima, na kuivunja si mchezo. Mama yule hakuogopa wachawi. Alikuwa ameniheshimu kabla sijastahili, na alikuwa tayari kufa kwa heshima hiyo. Mimi niliyekuwa nimewashuku dawa, Rispa, mama mwenyewe na wachawi wa Lumakanda nzima, nilikuwa sijajishuku mwenyewe.

"Na lile neno langu la asubuhi," nikasema, "hakulisikia?"

"Yeye hakulisikia. Mimi nilisikia."

Mzee Lihanda akanionyesha mlango. "Toka."

"Nitoke niende wapi?"

"Nje. Mama amesema hatatoa kitu kama wewe uko ndani ya chumba kitakamopelekwa. Rispa ataleta, mimi nitapima. Wewe nenda kwa bomba ukaoshe chupa."

Nikaosha chupa. Alhamisi yote iliyobaki, kwa bomba la nyuma, maji ya Kakamega ya baridi, na watu waliokuwa wakinijua kama mtu wa darubini wakipita na kuniuliza kama nimeteremshwa cheo. Rispa alipita na kitu kimefunikwa kwa kitambaa. Nikageuza uso kuelekea ukutani bila mtu kuniambia. Baada ya muda, kupitia dirisha lililokuwa juu ya kichwa changu, nikasikia kiberiti, nikasikia mchemko, kisha sauti ya Mzee, kavu.

"Matofali."

Jioni nilimwambia Ayuma. Alikuwa anapepeta mchele. Aliuacha ungo ukateremka magotini.

"Mama yangu yuko Kakamega, mgonjwa, na wewe umempima?"

"Sijampima. Nimempima mtu mwingine, mara mbili."

"Na yeye alikuona?"

"Aliniona."

"Alisema nini?"

"Aliongea na ukuta."

Ayuma alilia na kucheka pamoja, akavaa viatu, akaenda. Sijui walisemezana nini wodini. Hakuniambia siku hiyo, na hajaniambia mpaka leo. Ninachojua ni kwamba alirudi akasema homa iko palepale, mama anamwita kwa jina la dada yake, na kama hiyo sahani yenu haitasema kitu kesho, basi tujiandae.

Ijumaa asubuhi nilikuwa bombani kabla ya jua kupanda juu ya paa. Mzee alifungua kabati la joto tulimooteshea sahani, nikasikia mlango wake ukilia. Kisha kichwa chake kikatokea dirishani.

"Njoo utazame sahani."

"Mzee, siwezi. Ni ya mama mkwe."

Akaigeuza nione chini yake. Haikuwa na jina. Hata namba haikuwa nayo. Alikuwa amechora msalaba mdogo tu. "Hii unaona imeandikwa mkwe wa mtu? Mkojo ulishamwagwa na Rispa, mwenyewe akiangalia. Hiki ni kitu kilichoota usiku kwenye chakula nilichokipika mimi. Macho yangu ni ya plasta. Nataka macho mazuri."

Nilitazama. Madoa ya waridi, makubwa, yanang'aa, yameungana kama yaliyomwagwa. Akachoma kiwaya motoni, akakiacha kipoe, akagusa, akainua polepole. Uzi ukafuata, ukafuata, ukakataa kukatika.

"Unasemaje?"

"Mrenda," nikasema.

"Mrenda." Akafunga sahani. "Na wanampa ampisilini."

Tulijua vipande vyetu vya karatasi vyenye dawa vingehitaji siku nyingine kuonyesha ni dawa gani inaua kijidudu hicho, na tuliviweka kwenye sahani mpya. Lakini Mzee hakungoja. Alivaa koti lake, akaenda wodini kwa miguu yake mbovu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akamwambia daktari kwamba kile kilichoko ndani kinaitikia dawa hiyo kama jiwe linavyoitikia salamu. Dawa ilibadilishwa kabla ya chakula cha mchana. Jumamosi tulipofungua kabati, vijidudu vilikuwa vimeota mpaka kwenye ukingo wa kile kipande cha ampisilini, vimekikumbatia. Kipande cha dawa mpya kilikuwa na duara safi kukizunguka, kama uwanja uliofagiwa.

Jumapili mama aliomba chai. Jumatatu alimgombeza Ayuma kwa kukonda.

Nilimwomba Rispa msamaha mbele ya watu walewale niliomsingizia mbele yao, maana Mzee alisema wa faraghani hauhesabiki. Rispa alisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?" Akanipa brashi ya chupa. "Hizi za juzi hukuosha chini. Ona."

Na tangu wiki ile maabara yetu ikawa na utaratibu ambao hamtaupata katika vitabu vyenu. Kabla ya kumpa mama mtu mzima chupa, Rispa alimwuliza kando, taratibu: "Kati ya sisi tunaofanya kazi hapa, kuna mtu wako?" Mngeshangaa ni wangapi walisema yupo.

Baada ya mavuno ya mahindi nilienda Lumakanda hatimaye, na wazee wangu wawili na shati la kuazima. Niliketishwa sebuleni. Mama Dorika alikuwa chumba cha pili, nyuma ya mlango uliofungwa nusu. Nilikuwa naona ncha ya leso yake tu sakafuni. Ayuma alikaa kizingitini katikati yetu, kama mkalimani wa mahakama.

Mambo ya wazee yalipokwisha na wao wakatoka kwenda kutazama shamba, tukabaki watatu. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango, sauti nzima, isiyo na homa.

"Ayuma. Muulize huyo mgeni. Mkojo wangu aliuona?"

Ayuma alinigeukia, midomo ameibana. "Anauliza kama uliuona."

Nilifikiri juu ya chupa mbili za msichana wa watu, sahani yenye msalaba, na bomba la maji baridi. Nilitafuta uongo katika jibu langu, sikuupata.

"Mwambie sikuuona hata siku moja."

"Amesema hakuuona."

Leso ilisogea kidogo. "Muulize, kwa Biblia?"

"Mwambie, kwa Biblia. Na mwambie mimi sikumwona mama yeyote dirishani. Niliona mgongo tu."

Nyuma ya mlango mtu alikohoa, na kikohozi kile kilirefuka kikawa kitu kingine. Ayuma alificha uso kwenye magoti.

"Mpe chakula," sauti ikasema.

Kililetwa chakula: obusuma, ugali wetu, kama kilima, ingokho, kuku mzima wa mkwe, na pembeni yake, kwenye bakuli la enameli, mrenda. Nilimega tonge, nikachovya, nikainua. Uzi ukafuata, ukafuata, ukakataa kukatika. Niliutazama kwenye mwanga wa dirisha, kwa mazoea. Nikataka kuuliza bakuli lilikuwa la nini kabla.

Ncha ya leso ilikuwa imesogea hadi mlangoni. Alikuwa anasikiliza kama ninakula.

Nikala.